Bata Mzinga Mmoja wa Majira ya Mapukutiko: Mwongozo wa Leseni na Kanuni katika Jimbo la New York

Katika jimbo la New York, sheria humruhusu mwindaji mwenye leseni kuua bata mzinga mwitu mmoja tu katika majira ya mapukutiko, awe dume au jike, mkubwa au mchanga. Karibu kila kanuni iliyomo katika mwongozo huu inahusiana na hesabu hiyo ya ndege mmoja, na mtu asiyejua sababu yake huziona kanuni nyingine zote kuwa ni usumbufu wa makaratasi.

Ninawaandikia hasa wenzetu wanaozungumza Kiswahili wanaoishi Buffalo, Rochester, Syracuse, Utica na Albany. Wengi wetu tulipitia kambi za Tanzania, Kenya na Uganda kabla ya kufika huku, na sasa tunawaona ndege hawa wakivuka barabara kwa makundi au wakiokota mahindi yaliyosalia shambani baada ya mavuno, tukajiuliza kama mtu wa kawaida anaruhusiwa kuwawinda. Aliyekulia Kenya, ambako uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka 1977, anaweza kudhani kwamba jambo hili ni la matajiri au wenye ujuano serikalini. Sivyo. Mkaazi yeyote aliyehudhuria mafunzo, akalipa ada ndogo na kufuata utaratibu, anaruhusiwa. Ila utaratibu wenyewe hauna huruma kwa anayeuruka.

Kwa nini ni mmoja tu

Kufikia katikati ya miaka ya 1840 bata mzinga mwitu walikuwa wamekwisha katika jimbo hili. Misitu ilikuwa imefyekwa kwa ajili ya mashamba, na watu waliwinda bila mpaka. Baada ya miaka mia moja hivi, mashamba mengi yalipoachwa na misitu ikarudi, ndege wachache walivuka wenyewe kutoka Pennsylvania na kuingia magharibi mwa New York. Jimbo lilijaribu kwanza kuwafuga na kuwaachia porini, lakini ndege waliofugwa hawakuweza kuishi huko. Kilichofanikiwa ni kazi iliyoanza mwaka 1959 ya kuwanasa ndege wa porini wenyewe na kuwahamishia kwenye misitu mingine iliyowafaa, na baadaye ndege wa New York wakapelekwa hata katika majimbo jirani.

Idadi ilipanda hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha ikaanza kushuka. Mwaka 2015 Idara ya Uhifadhi wa Mazingira ya jimbo, inayojulikana kwa herufi DEC, ilipunguza msimu wa mapukutiko ukawa wiki mbili tu katika kila kanda, na mwindaji akaachiwa ndege mmoja. Sababu yake ni rahisi kuielewa kwa yeyote aliyewahi kufuga kuku. Mwezi Mei huwindwa ndege wenye ndevu kifuani, yaani madume hasa, na dume mmoja hupanda majike wengi, kwa hiyo kumpunguza hakuathiri sana uzazi. Oktoba jike naye huruhusiwa, na jike aliyeuawa Oktoba hatataga mwaka unaofuata.

Hatua ya kwanza: mafunzo ya usalama

Huwezi kuuziwa leseni ya kuwinda kama huna cheti cha mafunzo ya uwindaji, au leseni ya kuwinda uliyowahi kuwa nayo. Mafunzo ya darasani yanayosimamiwa na DEC hayatozwi ada. Hufundishwa na watu wanaojitolea, mara nyingi katika kumbi za vilabu vya wawindaji, na nafasi huandikishwa mapema kwenye tovuti ya idara. Kabla ya kufika darasani unatakiwa uwe umemaliza kazi ya nyumbani. Anayekuja mikono mitupu hurudishwa.

Tafadhali usisubiri Septemba. Madarasa mengi hujaa wakati watu wote wanapokumbuka kwamba msimu umekaribia. Jiandikishe wakati wa kiangazi. Lugha ya darasani ni Kiingereza, kwa hiyo mtu ambaye Kiingereza chake bado ni kichanga asome kitabu cha kozi polepole nyumbani, pamoja na mtoto wake wa shule ikibidi, hadi maneno ya sehemu za bunduki na kanuni za usalama yamkae kichwani. Mtihani wa mwisho si mgumu kwa aliyejiandaa, lakini mwalimu huangalia pia jinsi unavyoishika bunduki, na anaweza kukukatalia cheti kwa kumwelekezea mtu mwingine mtutu hata mara moja, ijapokuwa bunduki haina risasi.

Hatua ya pili: leseni na kibali, vitu viwili tofauti

Hapa ndipo wengi hukosea. Leseni ya kuwinda peke yake haikuruhusu kuwinda bata mzinga. Unahitaji leseni ya kuwinda, ambayo kwa mkaazi mtu mzima ni dola 22, na juu yake kibali cha bata mzinga, ambacho kwa mkaazi ni dola 10. Asiye mkaazi hulipa dola 100 kwa leseni na dola 20 kwa kibali. Kuhesabiwa mkaazi ni lazima uwe umeishi katika jimbo kwa zaidi ya siku 30 kabla ya kuomba, na uwe na uthibitisho, kwa kawaida leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo.

Vyote viwili hupatikana kwenye tovuti ya DEC, kwa simu, kwa karani wa mji mdogo unaoishi, au katika maduka ya vifaa vya uwindaji. Mimi ninapendekeza kwa karani mara ya kwanza, kwa sababu utakuwa na mtu wa kumuuliza ana kwa ana, na utaondoka na karatasi zako mkononi. Mwaka wa leseni huanza tarehe 1 Septemba na kuisha tarehe 31 Agosti. Kibali huja na lebo, yaani karatasi za kujazwa na kufungwa kwenye ndege aliyeuawa: moja ya mapukutiko na mbili za majira ya kuchipua, ule msimu wa Mei. Hizo lebo ni zako peke yako. Huwezi kumwazima ndugu, wala kubeba ya mkeo ili uue ndege wawili.

Watoto wa miaka 12 hadi 15 wanaweza kuwinda kwa leseni ya vijana, wakiwa pamoja na mzazi, mlezi wa kisheria, au mtu mzima aliyeteuliwa kwa maandishi yenye saini ya mzazi, na huyo mtu mzima awe naye ana leseni ya kuwinda. Aliye chini ya miaka 12 hawindi.

Hatua ya tatu: bunduki, na hali yako ya ukaazi wa Marekani

Sehemu hii isome mara mbili. Sheria ya serikali kuu ya Marekani humkataza mtu aliyemo nchini kinyume cha sheria kumiliki au hata kushika bunduki na risasi. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya mwanafunzi au mtalii, naye hukatazwa, isipokuwa akiwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo au akiangukia katika msamaha mwingine uliotajwa na sheria. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi, aliyepewa hifadhi, na mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu hawamo katika makatazo hayo ya viza. Ukinunua bunduki dukani utajaza fomu ya serikali kuu inayotaka namba yako ya uhamiaji, kisha utachunguzwa kabla ya kukabidhiwa. Katika New York hata risasi haziuzwi dukani bila mnunuzi kuchunguzwa, na hivyo ndivyo ilivyo tangu Septemba 2023.

Ninalisisitiza hili kwa sababu kosa la bunduki kwa asiye raia haliishii kwenye faini. Linaweza kuwa sababu ya kufukuzwa nchini, na fomu ya kuomba uraia huuliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa kosa na ofisa yeyote. Mwenye shaka hata kidogo juu ya hali yake amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kugusa bunduki ya rafiki.

Kwa bata mzinga, bunduki ya kawaida ni ya marisawa, yaani ile inayorusha punje nyingi ndogo kwa mpigo mmoja. Raifo, bunduki ya kurusha risasi moja moja, hairuhusiwi kabisa kwa ndege huyu. Punje za marisawa haziruhusiwi kuwa kubwa kuliko namba 2. Wawindaji wengi hutumia namba 4, 5 au 6. Kumbuka kwamba namba ikipanda punje hupungua ukubwa, kwa hiyo namba 6 ni ndogo kuliko namba 4. Upinde nao unaruhusiwa.

Nyumbani, kama unaishi na mtoto aliye chini ya miaka 18, bunduki lazima ifungiwe. Ndani ya gari isiwe na risasi, si chemba wala magazini, hata kama unasogea mita mia tu kutoka shamba hili kwenda lile.

Hatua ya nne: tarehe, kanda na saa

Jimbo limegawanywa katika kanda, na kila kanda ina wiki zake mbili. Katika Kanda ya Kaskazini, inayojumuisha milima ya Adirondack, msimu ni tarehe 1 hadi 14 Oktoba. Katika Kanda ya Kusini, ambako zimo Buffalo na Rochester, msimu huanza Jumamosi ya tatu ya Oktoba. Mwaka 2025, kwa mfano, ulikuwa tarehe 18 hadi 31. Wilaya ya Suffolk, kule Long Island, husubiri hadi katikati ya Novemba. Jiji la New York na wilaya ya Nassau hazina uwindaji huu. Utica iko karibu na mpaka wa kanda, na mwenye kuishi huko asikisie: afungue ramani ya DEC na aone barabara gani ndiyo mpaka, kwa sababu upande mmoja wa barabara msimu unaweza kuwa umefungwa huku upande wa pili umefunguliwa.

Saa halali ni kuanzia jua linapochomoza hadi linapozama. Hiyo ni tofauti na majira ya kuchipua, ambapo mtu huanza nusu saa kabla ya jua na kuacha saa sita mchana. Tazama saa ya machweo ya mji wako siku hiyohiyo, maana mwezi Oktoba mchana hufupika kwa dakika kadhaa kila siku.

Hatua ya tano: ardhi ya nani

Misitu ya jimbo na maeneo ya usimamizi wa wanyamapori, kwa sehemu kubwa, yako wazi kwa wawindaji bila kuomba. Msitu wa Taifa wa Finger Lakes nao unaruhusu. Baadhi ya bustani za jimbo hudai kibali chake cha ziada, kwa hiyo piga simu ofisini kwao kwanza.

Ardhi ya mtu binafsi ni habari nyingine. Ukiona kibao chenye neno POSTED kimepigiliwa mtini, kuingia bila ruhusa ni kosa. Hata pasipokuwa na kibao, bisha hodi. Nenda mwezi mmoja kabla ya msimu, mchana, bila nguo za mabaka na bila bunduki, jitambulishe, eleza kwamba una leseni na cheti, na uulize mahali pa kuegesha gari na mahali ambapo ng'ombe hulisha. Wakulima wengi ambao bata mzinga huwasumbua kwenye mahindi ya kulishia ng'ombe hukubali. Akikataa, shukuru na uondoke. Huenda mwaka ujao akakukumbuka kwa adabu yako.

Popote ulipo, huruhusiwi kufyatua bunduki ndani ya futi 500, yaani kama mita 150, kutoka nyumba ya mtu, shule, uwanja wa watoto au kanisa linalotumika, isipokuwa nyumba ni yako au mwenye nyumba amekuruhusu. Kwa upinde wa kawaida umbali huo ni futi 150. Usifyatue kutoka barabarani wala kuvuka barabara ya umma.

Hatua ya sita: siku ya kuwinda

Katika majira haya majike hutembea na vifaranga vyao vilivyokwisha kukua, na madume wakubwa hukaa kundi lao peke yao. Watafute walipo chakula: chini ya mialoni mbegu zinapodondoka, pembezoni mwa mashamba ya mahindi, na kwenye nyasi zenye panzi kabla baridi haijawamaliza. Majani yaliyochakurwa yakarushwa nyuma huonyesha kundi lilikuwa likielekea wapi. Kinyesi cha dume huwa kirefu chenye kikonyo kilichopinda mwishoni. Cha jike hujiviringa kama konokono. Ukiokota unyoya wa kifua, utazame ncha yake: ya dume ni nyeusi, ya jike ni ya rangi ya udongo hafifu. Sheria haikudai utofautishe jinsia wakati huu. Hata hivyo, mimi ninaamini kwamba mwenye nafasi ya kuchagua amwache jike mkubwa na achukue kijana au dume, na anayeliwinda shamba lilelile kila mwaka ataona manufaa yake mwenyewe.

Mbinu ya mapukutiko ni kulitawanya kundi, wakimbie pande zote, kisha kukaa palepale walipotawanyikia na kuwaita. Vijana waliopotezana na mama yao hupiga miluzi myembamba inayopanda, na baada ya nusu saa hivi huanza kurudi mmojammoja. Mbwa wanaruhusiwa katika msimu huu kwa kazi hiyo ya kutawanya, ingawa majira ya kuchipua hawaruhusiwi. Kuita kwa mdomo au kwa chombo cha mkono ni halali, na ndege bandia wa kuvutia wenzake ni halali. Vinasa sauti vya umeme, ndege hai wa kufungwa, na mahindi ya kumwaga kama chambo vimekatazwa.

Kutawanya kundi si ruhusa ya kukimbia huku bunduki ikiwa tayari. Iache bila risasi au umpe mwenzako aishike. Ukikaa, egemea mti mpana kuliko mabega yako ili mtu wa nyuma asikuone kama kivuli tu. Usivae nyekundu, nyeupe wala buluu, kwa kuwa ndizo rangi za kichwa cha dume, na mwenzako anaweza kukudhania. Sauti ya bata mzinga unayoisikia kichakani ichukulie kuwa ni mwindaji mwingine hadi umwone ndege mzima, kichwa hadi miguu. Usiinyatie kamwe. Mtu akikukaribia, usipunge mkono wala kupiga mluzi, sema kwa sauti ya kawaida ya binadamu, "Niko hapa." Ukitembea, vaa kofia au fulana ya rangi ya chungwa inayong'aa. Na utazame juu pia: Oktoba wawindaji wa kulungu kwa upinde wamekaa kwenye ngazi zao mitini, kimya kabisa.

Hatua ya saba: lebo, kabla ya kushangilia

Ndege akianguka, ondoa risasi bunduki kwanza. Mwendee kwa tahadhari, kwa sababu mabawa yake yana nguvu na dume ana miiba migumu miguuni. Kisha toa lebo na uijaze palepale, kwa wino, kila nafasi. Vidole vitakuwa vimeganda kwa baridi na karatasi itataka kulowa umande, kwa hiyo iweke tangu nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kalamu mbili. Mwindaji aliyembeba ndege hadi kwenye gari akiwa na lebo tupu mfukoni amekwisha kuvunja sheria, hata kama nia yake ilikuwa kuijaza akifika. Ifunge mguuni kwa uzi.

Ndani ya siku saba lazima utoe taarifa kwa DEC, kwa simu, kwenye tovuti, au kwa programu ya simu iitwayo HuntFishNY. Andika namba ya uthibitisho utakayopewa. Taarifa hizi ndizo zinazoiwezesha idara kukadiria ni majike wangapi wameuawa, na asiyetoa taarifa anaiharibu hesabu inayoamua kama msimu utabaki.

Ukitoka msituni, mzungushie ndege kitambaa cha rangi ya chungwa. Mabawa meusi yanayoning'inia mgongoni mwa mtu yanaweza kumfanya mwindaji mwingine adhani ni ndege hai.

Nyama

Kwa Waislamu, jambo la kupiga Bismillahi wakati wa kufyatua, na la kumchinja ndege akikutwa bado ana uhai, ni la kupangwa mapema: beba kisu kikali. Kuhusu ndege aliyekufa kwa risasi kabla hujamfikia, wanazuoni wametofautiana, kwa hiyo muulize sheikh wako kabla ya msimu, si ukiwa umesimama juu ya ndege.

Vaa glavu unapomtoa matumbo, na umpoze haraka hata kama asubuhi ilikuwa na jalidi. Pitisha vidole taratibu kwenye nyama ya kifua ukitafuta punje za marisawa. Palipo na unyoya uliozama ndani, kwa kawaida punje iko mbele yake. Nyama ya mapaja ni ngumu yenye mishipa, nayo hutaka moto wa polepole kwa saa tatu au zaidi, na hufaa sana kwa mchuzi wa nazi. Unaweza kumgawia jirani na kuwakaribisha wageni mezani. Kuiuza ni kosa, hata kwa dola tano, hata kwa mtu wa nyumbani, na kuitangaza kwenye kundi la WhatsApp ni kujishitaki mwenyewe.

Baada ya hapo umemaliza hadi Mei. Usiitupe karatasi ya kibali, kwa sababu lebo zake mbili za majira ya kuchipua bado ni halali, kwa ndege wenye ndevu tu, na kwa saa zile zinazoishia adhuhuri.